Walipima nini?

Tangu katikati ya mwaka 2025 kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp kwamba wanasayansi wa Australia wamepata dawa ya kuponya Ukimwi. Nimeshatumiwa na ndugu, na majirani, na wateja wa CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU, wanaopita kwetu kutolewa damu. Wapo wanaouliza itafika lini. Wapo pia, na ni wengi kuliko mnavyodhani, wanaonitumia na kicheko: haya, wameanza tena! Wote nawajibu kwa swali lilelile. Walipima nini, na aliyepimwa alikuwa ameacha ARV kwa muda gani?

Mimi ni mtu wa maabara. Sigawi dawa, ila karatasi ya majibu ya wingi wa virusi inatoka kwetu, na sijaona karatasi inayosomwa vibaya kama hiyo.

Tuanze na Australia, maana habari yenyewe si ya uongo. Watafiti wa Taasisi ya Doherty, Melbourne, walifunga mRNA, yaani maelekezo ya kijeni yanayoiambia seli itengeneze protini fulani, ndani ya vitone vidogo mno vya mafuta, wakaiingiza kwenye seli nyeupe za damu ambamo VVU hujificha, na virusi vilivyokuwa vimelala vikaamka. Seli hizi ni sugu kupenyezewa kitu, kwa hiyo mimi binafsi nilifurahi. Lakini kazi yote ilifanyika kwenye vyombo vya maabara, kwa seli zilizotolewa na watu wanaoishi na VVU. Hakuna mtu aliyedungwa sindano. Hakuna aliyepona kwa sababu hakuna aliyetibiwa.

Mtu atauliza, kwa nini wahangaike kuamsha virusi badala ya kuviua? Kirusi kikiingia kwenye seli ya CD4, mojawapo ya hizo seli nyeupe, kinachomeka vinasaba vyake katikati ya vinasaba vya seli yenyewe. Seli nyingi zilizoingiliwa hufa mapema. Chache hutulia, zikaishi miaka. ARV inazuia virusi visizaliane. Kwa vile vilivyolala haina la kufanya, ndiyo maana wanataka viamke kwanza. Ni kama ndago shambani: unafyeka majani mpaka shamba linaonekana safi, kumbe viazi vyake viko chini. Watafiti wa Marekani walikadiria kwamba akiba hiyo ya virusi hupungua kwa nusu kila baada ya miezi 44 hivi, kwa hiyo hata anayemeza dawa bila kukosa angehitaji zaidi ya miaka 60 kuimaliza. Akiacha, kwa kawaida virusi hurudi kwenye damu ndani ya wiki mbili hadi nne.

Hapo ndipo penye biashara. Mtu anameza TLD, ARV ya kidonge kimoja kila siku, baada ya miezi kadhaa majibu yanatoka: virusi havionekani. Ni habari njema kweli, maana aliyefikia hapo na akabaki hapo hamwambukizi mwenzi wake kwa ngono. Ila maana ya majibu hayo ni kwamba mashine haikuvikuta kwenye damu iliyokuwa ndani ya kile kichupa, basi. Mganga aliyemuuzia dawa ya chupa mwezi uliopita anaipiga picha karatasi ile na kuirusha Facebook kama ushahidi wake.

Kuna mtego mwingine, na huu ni mbaya zaidi: kipimo cha kujipima kwa majimaji ya fizi. Hiki hakitafuti virusi, kinatafuta kingamwili, na kwa mtu aliyekaa kwenye ARV muda mrefu kingamwili zinaweza kupungua mpaka kipimo kikasema huna kitu. Ndiyo maana maelekezo yake yanamkataza anayetumia ARV kujipima nacho. Niliwahi kuletewa kimoja kimeviringishwa kwenye leso, kina mstari mmoja tu, na mwenye nacho anatabasamu. Alijipima akiwa bado anameza dawa, akaona mstari mmoja, akaacha. Alipofika kwetu miezi ilikuwa imepita, na virusi vilikuwa maelfu kwa maelfu katika kila mililita.

Sisemi haya kuwacheka watu. Mwaka 2011 tulikuwa kama nchi nzima iko njiani kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, kilichodaiwa kuponya hata Ukimwi, kwa shilingi 500. Hadi mawaziri walikunywa. Foleni ya magari ilikuwa ya kilomita kadhaa, na wapo waliofia humo wakisubiri zamu. Majirani zetu Kenya walikuwa wametutangulia: mwaka 1990 serikali ya Rais Moi iliitangaza Kemron kwa fahari kubwa, dawa ya Ukimwi iliyotoka KEMRI, taasisi yao ya utafiti wa tiba. Majaribio yaliyofuata, mojawapo Uganda likiwa na kundi la kulinganisha, hayakuona faida yake. Kwa hiyo tusidhani makoti meupe yanakinga na jambo hili.

Wamarekani nao yamewakuta. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba huenda wamepona wagonjwa wawili wa Boston waliopandikizwa uboho, na pia mtoto wa Mississippi aliyeanzishiwa dawa saa 30 baada ya kuzaliwa. Kwa wale wawili virusi vilirudi kabla mwaka huo haujaisha. Kwa mtoto vilirudi 2014, baada ya miezi 27 bila dawa.

Waliopona wapo, tena kwa majina. Timothy Ray Brown alipandikizwa uboho Berlin mwaka 2007 kwa sababu ya saratani ya damu. Alifariki 2020 kwa saratani hiyo, VVU havikurudi. Adam Castillejo wa London alitangazwa 2019. Baada yao wameongezeka wachache. Ila upandikizaji wenyewe unaweza kuua, na mabadiliko ya kijeni ya CCR5, yanayozuia VVU visiingie kwenye seli, waliyokuwa nayo waliowachangia uboho wawili hao yako zaidi kwa watu wa Ulaya Kaskazini. Kwetu karibu hayapo.

Sasa wale wa "dawa ipo, wanaificha". Siwalaumu sana. ARV zilizookoa watu zilikuwepo Marekani na Ulaya tangu 1996 kwa zaidi ya dola 10,000 kwa mwaka, sisi tukizika. Cipla, kampuni ya dawa ya India, ilipotaja dola 350 mwaka 2001 ndipo ikaonekana bei inaweza kushuka, na Tanzania ilianza kugawa bure 2004. Anayekumbuka miaka hiyo ana haki ya kuwa na wasiwasi. Lakini hoja kwamba kuponya hakuna faida haisimami: Gilead, kampuni ya dawa ya Marekani, ilivuna mabilioni ya dola kwa dawa inayoponya kabisa homa ya ini aina ya C, iliyoiuza Marekani dola 84,000 kwa dozi nzima.

Gilead hao hao ndio wenye lenacapavir, sindano ya mara mbili kwa mwaka. Hapa naizungumzia kama kinga ya asiye na VVU. Katika jaribio la Uganda na Afrika Kusini lililotangazwa 2024, kati ya wanawake na wasichana 2,134 waliopewa hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Mwenye VVU akidungwa hiyo peke yake, anavipa virusi nafasi ya kuwa sugu.

Nikiulizwa matumaini yangu yako wapi, nataja Durban, Afrika Kusini. Kundi linaloongozwa na akina Thumbi Ndung'u, Mkenya, liliwapa wanawake 20 kingamwili mbili maalumu na dawa ya kuamsha kinga ya mwili, halafu wakasimamishiwa ARV huku damu ikipimwa mara kwa mara. Wengi virusi vilirudi, wakarudishwa kwenye dawa. Matokeo yalipotolewa Machi 2025, wanne walikuwa bado hawajahitaji kurudi. Hao wote walianzishiwa ARV mapema mno baada ya kuambukizwa, jambo ambalo kwa wateja wetu wengi halikuwezekana. Mimi nisingewaita hao wanne waliopona. Ningetaka kuona majibu yao ya mwaka unaofuata, na wa baada ya huo.