Je, wajua kwa nini mtoto aliyegonga kichwa huendelea kuumwa hata baada ya picha kuonyesha hana kitu?

Mtoto ameanguka kutoka juu ya mpera huko Kakamega, au amegongana vichwa na mwenzake kwenye mechi ya raga Nakuru. Amepelekwa hospitali, amepigwa picha ya CT, daktari akasema hakuna damu iliyovuja wala mfupa uliovunjika. Sasa ni wiki ya tano. Kikifika kipindi cha tatu kichwa kinamuuma, mwanga wa jua unamchoma macho, usiku usingizi hauji, na wadogo zake wakipiga kelele kidogo anawafokea. Nyumbani wameanza kunong'ona kwamba anakwepa shule. Hakwepi, anaumwa kweli.

Picha ya CT huona damu, mifupa na uvimbe. Haioni jinsi seli zinavyofanya kazi, na mtikisiko wa ubongo, yaani jeraha alilopata mtoto huyu kwa kugonga kichwa, huvuruga hiyo kazi yenyewe. Kichwa kinapotikisika kwa nguvu, potasiamu huvuja nje ya seli za ubongo na kalisiamu huingia ndani. Kila seli hulazimika kuyarudisha madini hayo mahali pake, kazi inayokula sukari nyingi, na wakati huohuo damu inayoileta sukari hiyo imepungua. Ndiyo maana mtoto huchoka kwa kusoma ukurasa mmoja. Kwa watoto wengi hali hii hutulia ndani ya wiki 2 hadi 4, lakini takriban mmoja kati ya watatu huendelea kuwa na dalili baada ya mwezi kupita. Kufikia hapo mara nyingi kuna kitu kingine kinachoyalisha maumivu: shingo iliyopinda wakati wa kuanguka, kiungo cha usawa kilicho ndani ya sikio, macho yasiyoshirikiana, usingizi uliovurugika, au hofu.

Pia kuna kosa linalofanywa kwa upendo mtupu: kumlaza mtoto kwenye chumba chenye giza hadi apone kabisa. Madaktari wenyewe walishauri hivyo kwa miaka mingi. Siku hizi ushauri umebadilika, na wataalamu wa mtikisiko wa ubongo michezoni waliokutana Amsterdam mwaka 2022 waliuweka wazi: mapumziko ni ya saa 24 hadi 48 za kwanza, tena hata hapo mtoto anaruhusiwa kutembea nyumbani. Simu na televisheni zipunguzwe siku hizo mbili. Akilala wiki nzima mwili hulegea, akisimama anaona kizunguzungu, anasinzia mchana na kukesha usiku, anawakosa marafiki na kuingiwa na huzuni. Huzuni nayo huleta maumivu ya kichwa, na familia ikiyaona inamrudisha kitandani.

Basi dawa iliyo na nguvu zaidi hapa ni kutembea kwa kipimo. Kabla ya kutoka, mwulize mtoto kichwa kinauma kiasi gani kuanzia 0 hadi 10. Anza na dakika 10 hadi 15 kila siku, asubuhi au jioni jua likiwa limepoa, kwenye njia tambarare, akiwa na kofia. Mwendo uwe ule anaoweza kuzungumza vizuri. Ukitaka kupima, toa umri wake kwenye 220, kisha chukua zaidi kidogo ya nusu: mtoto wa miaka 12 anabaki na 208, kwa hiyo moyo upige kama mara 110 kwa dakika. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wake chini ya kidole gumba, hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Mkirudi, uliza tena. Maumivu yakipanda kwa alama moja au mbili na kutulia ndani ya saa moja, hakuna ubaya, kesho mrudie. Yakipanda zaidi ya hapo au yakikaa zaidi ya saa, punguzeni muda au mwendo, lakini msiache. Kila baada ya siku chache ongeza dakika 5. Watu hukosea wanapomwacha mtoto acheze kutwa nzima siku aliyoamka vizuri, akazidiwa siku mbili zinazofuata. Kipimo kiwe kilekile siku nzuri na siku mbaya.

Shuleni asisubiri dalili ziishe zote ndipo arudi. Akiweza kusoma nyumbani dakika 30 hadi 45 bila kuzidiwa, anaweza kuanza na nusu siku. Zungumza na mwalimu wa darasa uso kwa uso, kwa sababu jeraha hili halionekani. Akae mbele, mbali na dirisha linalopiga mwanga. Asome dakika 20, apumzike 5, na mtihani apewe muda zaidi. Mvua ikipiga mabati kelele zake zinaweza kumwumiza sana, basi aruhusiwe kutoka kidogo. Mtazame akisoma: akiruka mistari, akifunika jicho moja au akiweka rula chini ya kila mstari, macho yake yapimwe. Shingo ikikakamaa, au akigeuza kichwa dunia ikazunguka, mtaalamu wa fiziotherapia anaweza kumsaidia kwa mazoezi maalumu.

Parasetamoli ni miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito, yaani 450 kwa mtoto wa kilo 30, si zaidi ya mara 4 kwa saa 24. Dalili zikichukua wiki nyingi, asiinywe zaidi ya siku 2 au 3 kwa wiki, maana dawa inayonywewa kila siku huzaa maumivu mapya ya kichwa. Aspirini asipewe kabisa akiwa chini ya miaka 16.

Kwa wanaoishi Kisumu, Siaya au Busia, ambako malaria ni nyingi: homa haitokani na mtikisiko wa wiki tano zilizopita. Mwili ukiwaka, apimwe malaria siku hiyohiyo. Lakini kumpa dawa za malaria bila kipimo kila kichwa kikiuma ni kumchelewesha.

Akitapika tena na tena, akipata degedege, akiwa mgumu kuamka, mkono au mguu ukilegea, mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, au maumivu yakizidi saa baada ya saa, mpelekeni hospitali, msingoje asubuhi.

Mpira na raga huja mwisho. Kwanza awe anamaliza siku nzima ya shule bila dalili. Kisha akimbie peke yake, halafu afanye mazoezi na wenzake bila kugusana, daktari amwangalie, ndipo arudi kwenye mazoezi ya kugongana na mwishowe mechi, kila hatua ikichukua angalau siku nzima. Dalili zikirudi, arudi hatua moja nyuma. Mpira wa kichwa na skramu, yaani ile kusukumana kwa mabega kwenye raga, visiguswe kabla ya ruhusa ya daktari, kwa kuwa pigo la pili kwenye ubongo ambao haujapona linaweza kumwumiza kuliko la kwanza.