Darasa la Awali Lipewe Mwalimu Yupi?

Kamati ya shule inapoketi kupanga vipaumbele vya mwaka, mazungumzo huelekea darasa la saba: kambi za masomo, mitihani ya majaribio, karatasi. Huko ndiko shule inakopimwa hadharani. Darasa la awali hutajwa mwishoni, na mara nyingine hukabidhiwa mwalimu anayengoja kustaafu au aliyekosana na uongozi. Mpangilio huo umeanzia mkiani. Mtoto asiyetambua kwamba neno limejengwa kwa sauti hukwama darasa la pili, na kambi ya darasa la saba humkuta bado amekwama. Darasa la awali lipewe mwalimu hodari kuliko wote shuleni, na asihamishwe kabla ya miaka 3.

Uwiano unaotakiwa Tanzania kwa elimu ya awali ni mwalimu 1 kwa watoto 25. Tuchukue shule yenye watoto 110 na mwalimu mmoja. Walimu 5 wanaohitajika hawatapatikana mwaka huu, lakini zamu mbili za watoto 55 zinawezekana: ya kwanza saa 2:00 hadi 4:30 asubuhi, ya pili saa 5:00 hadi 7:30 mchana. Kila zamu igawanywe vikundi 3. Mwalimu anakaa mkekani na kikundi kimoja kwa dakika 20, vingine viwili viko kwenye kona za kujifunzia na mzazi msaidizi, kisha wanabadilishana. Ndani ya saa moja kila mtoto amesikilizwa na mwalimu kwa karibu. Zamu ya pili inywe uji kabla ya kuanza, la sivyo ikifika saa 6:30 watoto wanasinzia. Mwalimu huyo asipangiwe kipindi kingine chochote, maana zamu mbili zinammaliza. Akiongezewa hesabu za darasa la nne, mpango utavunjika ndani ya mwezi.

Sasa kusoma. Makosa mengi huanza kwa haraka ya kushika daftari. Wiki za mwanzo ni za masikio: watoto wapige makofi kwa silabi, ka-la-mu, ki-ti-nda-mi-mba. Neno mtu lina silabi mbili, m-tu, kwa hiyo makofi mawili. Kisha watafute maneno yanayoanza kwa sauti moja: samaki, sufuria, sabuni. Herufi zije baadaye, irabu 5 kwanza, halafu konsonanti zinazovutika mdomoni kama m, n, s na l, kwa kuwa ni rahisi kuziunganisha na irabu. Herufi m itamkwe “mmm”. Mtoto aliyefundishwa kuiita “ma” akikutana na mi husoma “ma-i”, na mwalimu humdhania mzito. Herufi b na d zisifundishwe wiki moja, kwani zinafanana kwa umbo na zimegeuziana mgongo tu.

Anayezungumza Kisukuma au Kimaasai nyumbani anahitaji kwanza Kiswahili cha kusikia na kusema, kwa hadithi, nyimbo na vitu halisi mkononi. Kumwonyesha silabi za neno asilolijua maana ni kumkaririsha.

Vidole navyo vina zamu yake. Kufinyanga udongo, kurarua karatasi na kuchora mchangani hutangulia penseli. Anayelazimishwa kujaza mistari mapema huishika penseli kwa ngumi, na tabia hiyo ni ngumu kuiondoa.

Kwa hesabu, kuimba moja hadi ishirini si kuhesabu. Mwambie mtoto, “Nipe vizibo 5.” Akikujazia kiganja, bado. Vizibo 10 kwa kila mtoto vinatosha. Kikundi cha watoto 18 kinahitaji 180, navyo husafishwa na kutumiwa na vikundi vyote kwa zamu. Epuka maharage na mahindi, maana watoto huyaingiza puani na masikioni.

Mwalimu anajifunzaje haya? Semina ya siku tatu mjini humfikia mmoja, pengine asiyefundisha awali kabisa, na makabrasha huishia kabatini. Ndiyo maana mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, yamewekwa shuleni kupitia Jumuiya za Kujifunza, yaani vikundi vya walimu wanaokutana kujifunza pamoja. Kikao kiwe cha dakika 60 kila baada ya wiki mbili, tatizo moja tu: kwa mfano, watoto 12 hawatofautishi m na n. Walimu waandae somo pamoja, mmoja alifundishe, mwenzake akae nyuma dakika 20 akiandika watoto walichofanya badala ya kumpa mwalimu alama. Kikao kijacho kianze na maandishi hayo. Jumuiya hufa pale mwalimu mkuu anapogeuza kikao kuwa cha matangazo na nidhamu, au watu wanapongoja posho. Aiongoze mwalimu wa kawaida, na saa yake iwe kwenye ratiba ya shule.

Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, kwa hiyo ombi linalofika halmashauri mwezi Mei limechelewa. Kamati ikae Oktoba, iandike kwa majina na idadi: mikeka 6, rafu 3 za kimo cha mtoto, sufuria ya uji, vitabu vya hadithi, na nafasi ya mwalimu wa pili wa awali. Ombi lililoandikwa “kuboresha elimu ya awali” halina bei, na lisilo na bei ndilo hukatwa kwanza.