Je, wajua kwa nini siku chache tu zilipunguza fidia ya korona ya mfugaji wa Marekani?

Chukulia wafugaji wawili wa kaunti moja katika jimbo la Nebraska, mashamba yao yanapakana. Kila mmoja ana ng'ombe 100 walionenepeshwa, tayari kwa machinjio. Mmoja aliwauza Aprili 14, 2020. Mwenzake aliwauza Aprili 20. Malipo ya serikali yalipokokotolewa, wa kwanza alistahili dola 21,400, wa pili dola 3,300. Ilikuwaje?

Malipo hayo yalitoka kwenye mpango wa kuwafidia wakulima hasara za korona, ulioitwa CFAP. Idara ya Kilimo ya Marekani iliutangaza Aprili 17, 2020, ukiwa na dola bilioni 16 za kuwalipa wakulima moja kwa moja. Fedha hizo zilichotwa kwenye mifuko miwili. Bilioni 9.5 zilitokana na CARES, sheria ya msaada wa korona iliyotiwa saini Machi 27, na zililenga kufidia hasara iliyokwishatokea bei zilipoporomoka kati ya katikati ya Januari na katikati ya Aprili. Bilioni 6.5 zilitoka CCC, shirika la serikali la mikopo ya mazao lililoanzishwa mwaka 1933, na hizo zilikuwa za kumsaidia mkulima kubeba mzigo wa soko lililovurugika baada ya hapo. Mpaka kati ya mifuko hiyo ukawekwa Aprili 15.

Basi ng'ombe aliyenenepeshwa akiuzwa kabla ya mpaka huo kupita, alilipiwa dola 214. Aliyekuwa bado zizini kuanzia Aprili 16 hadi Mei 14 alilipiwa dola 33, awe mnene au ndama.

Kinachokera ni kwamba balaa kubwa lilikuja baada ya tarehe hiyo. Machinjio yalikuwa yanafungwa moja baada ya jingine kwa sababu wafanyakazi walikuwa wanaugua. Kiwanda kikubwa cha nyama ya nguruwe cha Sioux Falls, South Dakota, tayari kilikuwa kimetangaza kufunga Aprili 12. Hali ilifika pabaya hadi Aprili 28 Rais wa wakati huo, Donald Trump, akatoa amri ya kutaka viwanda vya nyama viendelee kufanya kazi. Mfugaji aliyekuwa na ng'ombe mkononi wiki hizo ndiye aliyekosa pa kuwapeleka, huku wakiendelea kula. Na ndiye aliyepata kidogo.

Maombi yalipokelewa na ofisi za kaunti za FSA, wakala wa Idara ya Kilimo unaowahudumia wakulima, ambazo wakati huo zilihudumia watu kwa simu na miadi. Mkulima alijaza fomu ya AD-3114, akataja idadi ya mifugo au kiasi cha mazao, akatia saini kuthibitisha kuwa anasema kweli. Vielelezo alitakiwa kuvitunza, avitoe akiulizwa. Hakuna aliyemuuliza kama ana deni benki au kama watoto wanakula: fomula ilihesabu mifugo na mazao, si shida za nyumbani. Kwa hiyo mwenye mifugo mingi alipata kingi, hadi ukomo wa dola 250,000 kwa mtu mmoja. Mwanzoni hata hicho alichostahili hakukipata chote. Asilimia 80 ilitangulia, iliyobaki ikafuata baadaye. Mfugaji wa kuku kwa mkataba aliambulia patupu, maana kuku ni mali ya kampuni, ingawa mabanda na madeni yake ni yake.

Wafugaji wa ng'ombe walipiga kelele, na kwa haki. Awamu ya pili, iliyofunguliwa Septemba 2020, iliachana na mpaka ule: dola 55 kwa kila ng'ombe, na mfugaji akaruhusiwa kuchagua mwenyewe siku ya kuhesabia, kati ya Aprili 16 na Agosti 31. Ng'ombe wa kuzalisha hawakuhesabiwa. Kisha Machi 2021 ikatangazwa nyongeza kwa walioangukia upande mbaya wa tarehe, dola 63 kwa kila ng'ombe aliyenenepeshwa. Ukijumlisha na zile 33 za mwanzo na 55 za awamu ya pili, yule jirani wa pili anafika dola 151 kwa kila ng'ombe, dhidi ya 214 za mwenzake.