Kutoa Chipukizi Kumpata Mrushaji Nyota: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Kwa aliyezoea soka, jambo la kwanza la kuelewa kuhusu besiboli ya Marekani ni kwamba klabu hazilipani ada ya uhamisho. Klabu ya Ligi Kuu (MLB) ikimtaka mrushaji (anayemtupia mpigaji mpira) wa klabu nyingine, humpata kwa kutoa wachezaji wake, na wanaotolewa mara nyingi ni chipukizi walioko ligi ndogo. Mkataba wa nyota huhama naye kama ulivyo: mshahara uleule, miaka ileile iliyobaki. Pesa ikiongezwa, kwa kawaida ni ya kufidia sehemu ya mshahara huo. Chipukizi ndiye sarafu, na kila Julai, dirisha la kubadilishana likikaribia kufungwa, mashabiki hubishana kama bei ilikuwa ya haki. Ubishi huo umejaa mambo yanayorudiwa kila mwaka ilhali si kweli.

Dhana: Nyota ni uhakika, chipukizi ni bahati nasibu

Nusu ya pili ina ukweli wake. Chipukizi wengi wanaotajwa kwenye orodha za vijana 100 bora hawafiki walipotabiriwa. Nusu ya kwanza ndiyo inayowaponza watu. Mrushaji ndiye mchezaji anayeumia vibaya kuliko wote uwanjani, kwa sababu kila mrusho wa nguvu huivuta kano ya ndani ya kiwiko karibu na kikomo cha uwezo wake. Kano hiyo ikichanika, hutengenezwa upya kwa upasuaji unaoitwa Tommy John, na kurejea mchezoni huchukua miezi 12 hadi 18. Bega ni baya zaidi: likifanyiwa upasuaji, wengi hawarudi na kasi waliyokuwa nayo.

Mfano wa Frankie Montas unatosha. Agosti 2022 New York Yankees walimchukua pamoja na Lou Trivino kutoka Oakland, wakatoa vijana wanne, watatu kati yao warushaji. Montas alikuwa ametoka kuuguza bega wiki chache tu nyuma. Alianza mechi nane, akaruhusu wastani wa mikimbio (pointi) 6.35 kwa kila iningi tisa, yaani mechi kamili, Februari 2023 akapasuliwa bega, na msimu huo mzima akarusha katika mechi moja tu.

Ndiyo maana biashara huwa haijakamilika mpaka madaktari wa pande zote mbili wamesoma faili la afya la mchezaji wanayempokea. Wanachotafuta hakijifichi sana: picha za kiwiko na bega, siku alizokaa kwenye orodha ya majeruhi, sindano na dawa alizopewa. Wachambuzi nao hupitia takwimu za mrusho mmoja mmoja. Kasi iliyoshuka kwa kilomita mbili au tatu kwa saa ndani ya mwezi, au mkono unaoachia mpira chini kidogo kuliko mwanzo wa msimu, mara nyingi hutangulia jeraha lenyewe.

Faili hilo ni nyeti kiasi gani, tuliona mwaka 2016. San Diego Padres walimpeleka Drew Pomeranz Boston Red Sox, wakampata Anderson Espinoza, kijana wa miaka 18 aliyesifiwa sana. Baadaye Ligi Kuu ilimsimamisha meneja mkuu wa Padres (msimamizi wa biashara za wachezaji), A.J. Preller, siku 30 bila mshahara kwa kutotoa taarifa zote za kiafya. Matokeo yakaenda kinyume na yaliyotarajiwa: Pomeranz, aliyetiliwa shaka, alishinda mechi 17 mwaka 2017, na Espinoza akafanyiwa Tommy John mara mbili. Kwa hiyo historia ya jeraha si hukumu ya mwisho. Garrett Crochet alikuwa amepasuliwa kiwiko mwaka 2022 Red Sox walipotoa chipukizi wanne kumpata Desemba 2024. Msimu uliofuata aliwatoa kwa straiki (mpigaji akishindwa mara tatu kuupiga mpira) wapigaji 255, wengi kuliko mrushaji yeyote wa ligi.

Dhana: Bei hutokana na ubora wa mrushaji

Hutokana zaidi na muda uliobaki kwenye mkataba na gharama ya muda huo. Mchezaji huwa huru baada ya miaka sita ya utumishi Ligi Kuu, na mwaka mmoja wa utumishi huhesabiwa kwa siku 172. Miaka mitatu ya mwanzo kwa kawaida hulipwa karibu na kima cha chini, ambacho kwa 2026 ni dola 780,000. Mitatu inayofuata mshahara hupandishwa kwa mazungumzo au usuluhishi, lakini hubaki chini ya bei ya soko. Kwa maneno mengine, klabu inayotoa chipukizi aliye tayari kucheza inatoa miaka sita ya kazi ya bei nafuu.

Chris Sale alipohamia Boston Desemba 2016 alikuwa na miaka mitatu mbele yake, akianza na dola milioni 12 kwa 2017, fedha ndogo sana kwa mrushaji wa daraja lake. Chicago White Sox wakadai, wakapewa, Yoán Moncada, Michael Kopech na wengine wawili. CC Sabathia alikwenda Milwaukee Julai 2008 akiwa na miezi mitatu tu ya mkataba. Ubora wao ulikaribiana, lakini bidhaa zilikuwa mbili tofauti.

Mrushaji aliyebakiza miezi michache ana kasoro nyingine ambayo wengi hawaijui. Nyota anapokuwa huru, klabu yake inaweza kumpa ofa rasmi ya mwaka mmoja, na akiikataa akaenda kwingine, klabu hupata fidia kwenye uteuzi wa vijana. Aliyechukuliwa katikati ya msimu hawezi kupewa ofa hiyo. Akiondoka Novemba, huachwi na chochote mkononi.

Dhana: Nyota mmoja hubadilisha msimu mzima

Hapa tupige hesabu, maana ndipo maamuzi mengi huharibikia. Msimu una mechi 162. Mwisho wa Julai zinabaki kama 54, na mrushaji wa kuanza mechi hupanda kilimani kurusha kila mechi ya tano. Hizo ni mechi 10 au 11. Tuseme ni 11, na kila mara anarusha iningi sita: jumla iningi 66. Aliyekuwa nafasi hiyo anaruhusu mikimbio 4.80 kwa iningi tisa, nyota anaruhusu 2.80. Tofauti ni mikimbio miwili kwa kila iningi tisa, na iningi 66 ni tisa mara saba na kidogo, kwa hiyo umeokoa mikimbio kama 15. Wachambuzi wa mchezo huu huchukulia mikimbio 10 kuwa karibu ushindi mmoja. Umepata ushindi mmoja na nusu.

Ushindi mmoja na nusu ni mali kubwa sana kwa klabu iliyo mechi moja nyuma ya nafasi ya mchujo (hatua ya mtoano ya Oktoba). Kwa iliyo mechi nane nyuma, ni sawa na bure. Kwa iliyo mechi nane mbele, thamani ya nyota iko Oktoba, ambako klabu hutumia warushaji wachache zaidi: mfululizo wa mechi saba anaweza kuanza mbili, hata tatu. Kwa hiyo kabla ya kuuliza “ni nani yuko sokoni?”, meneja mkuu makini hutazama msimamo wa ligi.

Kuna waliovuka hesabu hii, na ni haki kuwataja. Sabathia aliwahi mapema, Julai 7, akapata mechi 17: alishinda 11, akapoteza mbili, wastani 1.65, saba kati ya hizo akizimaliza mwenyewe mwanzo hadi mwisho. Milwaukee wakaingia mchujo kwa mara ya kwanza tangu 1982.

Dhana: Hatari iko kwenye jina kubwa unalolitoa

Huu ndio upotofu unaogharimu zaidi, kwa maoni yangu. Macho yote huwa kwa kijana nambari moja, na uchungu mara nyingi hutoka kwa yule wa tatu au wa nne.

Katika biashara ya Sabathia, jina kubwa lilikuwa Matt LaPorta, mpigaji wa nguvu. Hakuwahi kutulia Ligi Kuu. Aliyewauma Milwaukee ni Michael Brantley, ambaye siku ya makubaliano hakuwa hata ametajwa. Aliingia kama “mchezaji atakayetajwa baadaye”, kipengele ambacho lazima kikamilishwe ndani ya miezi sita. Brantley aliteuliwa mara tano mchezo wa nyota (mechi ya wachezaji bora wa msimu).

Pittsburgh Pirates wana kisa kikali zaidi. Julai 31, 2018 walimchukua Chris Archer kutoka Tampa Bay Rays, wakawatoa Tyler Glasnow na Austin Meadows, kisha mchezaji wa kutajwa baadaye, Shane Baz, kijana wa miaka 19 aliyekuwa ngazi ya chini kabisa ya ligi ndogo. Archer aliruhusu wastani wa 5.19 mwaka 2019, akakosa 2020 yote baada ya upasuaji. Rays, wakiwa na Glasnow, walicheza fainali ya World Series mwaka huohuo wa 2020.

Sababu ni rahisi. Kijana wa miaka 22 aliye mlangoni mwa Ligi Kuu ameshaonekana na kila skauti, bei yake inajulikana. Wa miaka 18 au 19 bado anaongezeka mwili na kasi, na klabu yenye maskauti hodari inaweza kujua kumhusu kuliko unavyojua wewe uliyemlea. Ikiwa wenzako wanang'ang'ania jina la chini ambalo wewe uliliona la nyongeza, rudi ukapitie ripoti zake upya kabla ya kusema ndiyo.

Wa kutoa kwa usalama zaidi ni aliyezibiwa njia: kijana hodari ambaye nafasi yake ina mtu mwenye mkataba mrefu. Pia yule anayekaribia kulindwa. Kila msimu wa baridi klabu lazima iwaingize vijana wake kwenye orodha yake ya wachezaji 40 wa Ligi Kuu au iwaache wachukuliwe na wengine katika uteuzi wa Rule 5: aliyesajiliwa akiwa na miaka 18 au chini hulindwa misimu mitano, wa 19 na kuendelea misimu minne. Ukiwa na vijana saba wa kuingiza na nafasi nne, watatu kati yao thamani yao kwako imeshuka tayari, lakini kwa klabu yenye nafasi bado iko juu.

Dhana: Muuzaji ndiye anayefaidi kila mara

Detroit Tigers walipomtoa Justin Verlander Agosti 31, 2017, kinara wa waliokuja alikuwa mrushaji chipukizi Franklin Pérez. Majeraha yalimwandama, hakuwahi kucheza Ligi Kuu. Verlander alishinda mechi zake zote tano za kumalizia msimu kwa wastani wa 1.06, Houston Astros wakatwaa ubingwa, na baadaye akaongeza tuzo mbili za Cy Young (tuzo ya mrushaji bora wa mwaka). Anayeuza mkono kwa kupokea mkono mwingine mchanga amebadilisha hatari tu, hajaiondoa. Ndiyo sababu wauzaji wengi hutaka angalau mpigaji mmoja kati ya vinara.

Dhana: Takwimu alizonazo ndizo utakazopata

Hutegemea unakompeleka. Gerrit Cole alikuwa na wastani wa 4.26 Pittsburgh mwaka 2017. Houston walimpunguzia mpira wa kasi unaozama, wakamwongezea ule unaopita juu ya eneo la straiki pamoja na mipira ya kukunja. Mwaka 2018 wastani ukawa 2.88, na 2019 akawatoa kwa straiki wapigaji 326. Glasnow naye Pittsburgh walimweka kwa warushaji wa akiba wanaoingia katikati ya mechi, Tampa wakamfanya wa kuanza. Klabu isiyo na mpango wa nini cha kubadilisha kwa mrushaji inalipa bei kamili kwa kilekile kila mtu anachokiona.

Dhana: Ukikosa kombe, ulikosea. Ukilipata, hukukosea

Agosti 1987 Tigers walimtoa John Smoltz, miaka 20, wakamchukua mkongwe Doyle Alexander. Alexander alianza mechi 11, Tigers wakashinda zote 11, wakaongoza kundi lao kwa tofauti ya mechi mbili tu dhidi ya Toronto. Wakatolewa katika mchujo, na Smoltz akaishia Ukumbi wa Heshima mwaka 2015. Tukipima kwa walichokuwa wanakijua siku ile, walinunua walichokihitaji.

Montreal Expos mwaka 2002 walimtoa Cliff Lee, Grady Sizemore na Brandon Phillips wakampata Bartolo Colón. Inaonekana ni wazimu, mpaka ukumbuke kwamba klabu ilikuwa mikononi mwa ligi yenyewe na ilikuwa kwenye mazungumzo ya kufutwa. Kwa aliyeamini hakutakuwa na kesho, miaka sita ya kijana haikuwa na bei.

Sale naye anahitaji kutenganishwa vizuri. Biashara ya 2016 iliwapa Boston ubingwa wa 2018. Kilichowaumiza ni mkataba mpya wa miaka mitano, dola milioni 145, waliomwongezea Machi 2019: misimu minne ya 2020 hadi 2023 alianza mechi 31 tu.

Dhana: Wachezaji hukubaliana na uhamisho

Wengi hawaulizwi. Mwenye miaka 10 Ligi Kuu, mitano ya mwisho klabu moja, anaweza kukataa. Verlander alikuwa na haki hiyo, akatoa ridhaa dakika za mwisho kabla ya saa sita usiku. Kijana wa ligi ndogo hana. David Matoma, mrushaji kutoka Uganda aliyesajiliwa na Pirates, anaingia katika kanuni hiyohiyo: chipukizi anaweza kuamka yuko Pennsylvania, akalala ni mali ya klabu ya California.

Na biashara kama ya Verlander leo haiwezekani tena. Tangu 2019 dirisha ni moja, mwisho wa Julai au siku chache baadaye. Likifungwa, mchezaji aliyekuwa kwenye orodha ya wachezaji 40 msimu huo habadilishwi. Klabu iliyokuwa ikisubiri hadi Agosti 31 ione kama bado imo kwenye kinyang'anyiro sasa inaamua mwezi mzima mapema, huku nusu ya ligi ikiwa bado inaamini inaweza kuingia mchujo. Wauzaji ni wachache, wanunuzi ni wengi, na bei ya mrushaji aliyebakiza miezi miwili hupanda kwa sababu hiyo pekee.