Nyumba ya Kasisi ya Epworth: Matofali, Moto na Deni

Katika Uingereza ya zamani, kasisi wa parokia ya Kianglikana alipewa nyumba pamoja na kazi. Haikuwa mali yake, lakini ikiharibika mikononi mwake, mzigo wa kuijenga ulimwangukia yeye. Asiyejua hilo atapita mbele ya nyumba ya kasisi ya Epworth, Lincolnshire, aone jengo zuri la matofali na asione deni lililomo ndani yake.

Samuel Wesley, kasisi wa Epworth, aliikuta nyumba ya miti na plasta, imeezekwa kwa majani. Usiku wa tarehe 9 Februari 1709 iliteketea. Mwanawe John, mwenye miaka mitano, alinasa ghorofani. Ngazi haikuwepo, basi mwanamume mmoja akasimama mabegani mwa mwenzake, akamtoa dirishani muda mfupi kabla paa halijaporomoka. Ndiye John Wesley, aliyekuja kuanzisha Umethodisti, ambao wamisionari wake walifika Ribe, karibu na Mombasa, mwaka 1862.

Samuel alikuwa ameshafungwa gerezani mwaka 1705 kwa sababu ya madeni. Hata hivyo alijenga upya, safari hii kwa matofali ya kuchoma na paa la vigae, kwa gharama ya pauni 400 hivi. Hizo zilikuwa fedha nyingi mno, na kwa miaka mingi familia iliishi katika vyumba vyenye samani chache. Kwa nje, jengo linafuata mtindo wa enzi za Malkia Anne: uso mpana uliotulia, wenye madirisha marefu yaliyopangwa kwa mistari. Chini ya paa kuna dari kubwa. Ndiko familia ilikosimulia kusikia vishindo vya ajabu kati ya mwaka 1716 na 1717, na simulizi hizo huwavutia wageni kuliko ufundi wa seremala.

Mimi naona chumba chenye uzito zaidi ni jiko. Majira ya baridi ya 1711 na 1712, Samuel akiwa London, mkewe Susanna aliwasomea majirani mahubiri Jumapili jioni. Katika barua kwa mumewe aliandika kwamba walizidi 200. Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya familia moja ikawa mahali pa ibada, wala hapakuhitajika kuongezwa ukuta.

Baada ya ukarabati ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1957, na sasa inalindwa kisheria katika daraja la juu kabisa la majengo ya kihistoria nchini humo. Atakayefika aanze jikoni, ndipo atoke nje kuutazama uso wake.