Picha za Kitabibu Katika Kupona Matatizo ya Ulaji: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Uzito ukisharudi, vipimo vya picha havina kazi tena.

Mizani huonyesha kilo tu. Kwa msichana anayeugua anoreksia, yaani ugonjwa wa kujinyima chakula kwa hofu ya kunenepa, ultrasaundi ya nyonga inaweza kuonyesha kwamba mfuko wa uzazi na ovari bado ni vidogo kuliko inavyotarajiwa, ijapokuwa uzito uliopangwa umefikiwa, na hapo daktari hupata sababu ya msingi ya kuupandisha uzito unaolengwa. Mifupa huchelewa zaidi. Kipimo cha DEXA, kinachotumia mionzi kidogo sana ya eksirei, hupima wingi wa madini katika mfupa, kisha matokeo ya kijana hulinganishwa na ya watu wa umri na jinsia yake. Alama ya ulinganisho huo (Z-score) ikiwa -2.0 au chini ya hapo, huhesabiwa kuwa pungufu kwa umri huo. Upungufu huo huweza kudumu miaka mingi baada ya uzito kurejea, hasa ugonjwa ukianza wakati wa kubalehe, mfupa unapojijenga kwa kasi. Wapo wanaotegemea vidonge vya kupanga uzazi kuulinda mfupa kwa kuwa huleta damu kila mwezi, lakini kinga hiyo haijathibitika, na damu yenyewe huficha kukatika kwa hedhi, dalili ambayo ingewaonya mapema.

Dhana: Ubongo ulionywea kwa njaa haurudi.

Picha za MRI, kipimo kinachotumia sumaku, zimeonyesha kwamba sehemu ya kijivu ya ubongo hupungua katika anoreksia kali, na kwamba sehemu kubwa ya upungufu huo hurejea lishe inaporudishwa. Mgonjwa anastahili kuambiwa hivyo waziwazi. Maji yanayojikusanya kuzunguka moyo, yanayoonekana kwa ultrasaundi ya moyo, nayo kwa kawaida huisha uzito ukipanda.

Dhana: Picha zikiwa safi, mtu amepona.

Hii ndiyo dhana ya hatari zaidi, kwa sababu mgonjwa huweza kuishika kama ushahidi kwamba hahitaji msaada. Mwenye bulimia, yaani ugonjwa wa kula kupita kiasi kisha kujitapisha au kujiondolea chakula kwa njia nyingine, anaweza kuwa na picha zisizo na kasoro huku madini ya potasiamu katika damu yake yakiwa yameshuka kiasi cha kuvuruga mapigo ya moyo, jambo linalogunduliwa kwa kupima damu na kwa ECG, kipimo cha umeme wa moyo. Hofu ya chakula hujulikana kwa mazungumzo.

Dhana: Mifupa dhaifu ni shida ya wasichana.

Wavulana wenye anoreksia pia hupoteza mfupa, testosteroni, homoni ya kiume, inaposhuka. Kwa kuwa hawana hedhi ya kukatika, ni rahisi wasahauliwe, hivyo mtabibu awaulize na kuwapima bila kungoja mfupa uvunjike.