Umetolewa goita isiyo ya saratani: miaka inayofuata ikoje?

Inaweza kurudi?

Inategemea walitoa kiasi gani, na hapo ndipo wagonjwa wengi hukwama, maana hawajui. Goita ni uvimbe wa tezi ya thairoidi, iliyo mbele ya shingo, na tezi hiyo ina pande mbili. Ikitolewa yote, kwa kawaida hakuna tena cha kuvimba. Ukitolewa upande mmoja, au kikiachwa kipande, kilichobaki kinaweza kuota vinundu polepole, pengine baada ya miaka 10 au 20, wakati mtu ameshasahau habari za goita. Upasuaji wa pili huwa mgumu kuliko wa kwanza: makovu ya ndani huficha mishipa ya fahamu ya sauti, na hatari ya kuiumiza hupanda. Kwa hiyo usiondoke wodini bila karatasi inayosema walitoa upande gani, kiasi gani, na maabara iliona nini kwenye nyama iliyotolewa. Ipige picha uitunze kwenye simu.

Basi kwa nini wasitoe yote kwa kila mtu?

Mwaka 1883 daktari mpasuaji Theodor Kocher wa Bern, Uswisi, alieleza yaliyowapata wagonjwa wake waliotolewa tezi nzima. Goita ilikwisha, lakini wengi walivimba uso, wakawa wazito wa mwendo na wa kufikiri. Wakati ule dawa ya kufidia homoni haikuwepo. Leo ipo, ila ni ya kila siku hadi mwisho wa maisha. Kama vinundu viko upande mmoja tu, kuuacha ule mzima kunaweza kumwepusha mtu na vidonge. (Kocher alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1909 kwa kazi yake juu ya tezi hiyohiyo.)

Nitameza vidonge milele?

Ukitolewa yote, ndiyo: levothairoksini, yaani homoni ya thairoidi iliyotengenezwa kama kidonge. Ukitolewa upande mmoja, takriban mtu 1 kati ya 5 ndiye huvihitaji.

Tatizo kubwa ninaloliona kwenye dawa hii ni kwamba ukiiacha, mwanzoni husikii kitu. Nusu ya homoni bado imo mwilini baada ya wiki nzima, hivyo mtu hujiona amepona. Wiki zikipita huja uchovu, kusikia baridi, choo kigumu, uzito kuongezeka, na kwa wanawake hedhi kuvurugika, naye hahusishi hayo na vidonge alivyoacha.

Meza asubuhi kwa maji matupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai. Vidonge vya kalsiamu au vya kuongeza damu vikae mbali, saa 4 hivi. Kipimo cha TSH, kipimo cha damu kinachoonyesha kama dozi inatosha, hufanywa wiki 6 hadi 8 baada ya kuanza au kubadili dozi. Hali ikitulia, mara moja kwa mwaka hutosha. Ukishika mimba wahi kliniki, kwani kwa kawaida dozi hupandishwa.

Chumvi yenye madini joto haitoshi?

Itumieni nyumbani wote. Lakini hayo madini ni malighafi tu ya homoni. Aliyetolewa tezi yote hana tena kiwanda cha kuitengeneza.

Sauti yangu imekwaruza. Itarudi?

Kwa wengi hurudi ndani ya wiki au miezi michache. Kukwaruza kwa kudumu hutokea kwa takriban mgonjwa 1 kati ya 100. Mwalimu, mhubiri au mwimbaji alizungumze hili na daktari kabla ya kupasuliwa.

Nasikia ganzi midomoni na vidoleni.

Nyuma ya thairoidi kuna vitezi vidogo, kwa kawaida vinne, vinavyolinda kiwango cha kalsiamu kwenye damu. Vikitikiswa wakati wa upasuaji, kalsiamu hushuka. Wengi hutulia kwa vidonge, na vitezi huamka vyenyewe. Wachache huendelea na matibabu kwa miaka. Ganzi ikiambatana na misuli kukakamaa au degedege, nenda hospitali saa hiyohiyo, usiku uwe usiku, wala usingoje tarehe ya kliniki.